Seva Iliyosahau Njia: Historia Fupi ya Mipangilio ya Mtandao Inayodumu

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, mniwie radhi, kazi zilinizidi. Leo nataka tuongee juu ya jambo ambalo kila mtu anayecheza na Linux au BSD amekutana nalo angalau mara moja. Unaipa kompyuta anwani ya IP, mtandao unafanya kazi, unafurahi, unazima mashine na kwenda kulala. Asubuhi unaiwasha na haikumbuki lolote. Jana uliifunza, leo ni mgeni kabisa.

Mimi somo hili nililipata kwa aibu. Mwishoni mwa mwaka wa 2005 niliweka seva ya Debian katika shirika moja la akiba na mikopo, makao makuu yakiwa Nairobi na tawi moja likiwa Nyeri. Tawi lilipoongezwa, seva ilihitaji kujua kwamba pakiti za Nyeri zinapitia ruta nyingine, si ile ya intaneti. Nikaandika amri moja tu:

route add -net 192.168.5.0 netmask 255.255.255.0 gw 192.168.0.254

Ikafanya kazi papo hapo. Nyeri wakaingia, mimi nikapewa chai na mandazi, nikaondoka. Seva ile ikakaa zaidi ya siku mia nne bila kuzimwa. Nami nilikuwa nikijivunia idadi hiyo ya siku kama mzee anayehesabu ng'ombe wake. (Enzi hizo kerneli ya Linux 2.4 kwenye mashine za biti 32 ilikuwa na kaunta ambayo ilijaa na kurudi sufuri baada ya siku 497. Tulikuwa tukitaniana nani atafika huko.)

Februari 2007 stima ikapotea usiku, betri ya UPS ilikuwa imechoka, seva ikazima. Stima iliporudi ikajiwasha yenyewe, na asubuhi wafanyakazi wa Nairobi hawakugundua kitu. Mimi nilijulishwa na simu ya meneja wa tawi.

"Kijana wangu, huku hakuna mtandao, na leo ni siku ya mikopo. Watu wamejaa hadi nje."

"Mama, nipe dakika kumi."

Zilikuwa saa mbili na nusu. Nilishuku waya, nikashuku ruta, nikampigia fundi wa laini na kumsumbua bure. Mwishowe nikawasha tcpdump na nikaona ajabu: maombi kutoka Nyeri yalikuwa yanafika salama, seva ilikuwa inajibu, lakini majibu yote yalikuwa yanaelekea ruta ya intaneti. Njia ya Nyeri haikuwepo. Ilikuwa imekaa ndani ya RAM tangu nilipoiandika, na RAM ikikosa umeme haibaki na kitu. Hakuna faili hata moja kwenye diski iliyokuwa na mstari ule. Kwa zaidi ya mwaka mzima seva ilikuwa na kosa, ila kosa lenyewe lilikuwa likisubiri siku ya kuwashwa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: ni nani aliamua kwamba mambo yawe hivi? Kwa nini Unix, mfumo unaosifiwa kwa uimara, husahau mtandao wake kila unapolala?

Jibu linaanzia chuo kikuu cha California kule Berkeley. Agosti 1983 wanachuo na wahandisi wa pale walitoa 4.2BSD, Unix ambayo ndiyo ilieneza TCP/IP katika vyuo na maabara. Fedha zilitoka DARPA, shirika la utafiti la jeshi la Marekani, na mwaka huohuo, tarehe 1 Januari, ARPANET ilikuwa imehamia TCP/IP. Ndani ya 4.2BSD mlikuwa na amri mpya iitwayo ifconfig. Kazi yake ni ndogo sana: inachukua anwani uliyoandika, inaibisha hodi kwenye kerneli, inasema, "kadi hii sasa ina anwani hii." Kerneli inaiandika katika jedwali lake la kumbukumbu. Basi. Haiendi kwenye diski, haitunzi nakala.

Hilo halikuwa sahau la mtu. Ndivyo Unix ilivyojengwa tangu Ken Thompson na Dennis Ritchie: kerneli inafanya kazi inayoambiwa sasa hivi, na mambo ya faili na desturi za nyumba yanaachiwa programu za kawaida. Kerneli haijui kwamba kuna kitu kinaitwa /etc/hosts. Haijali.

Basi kumbukumbu inatoka wapi? Inatoka kwenye skripti. Mashine ya BSD ikiwaka, programu ya init ilisoma faili la /etc/rc, nalo likaita /etc/rc.local. Katika rc.local msimamizi aliandika kwa mkono wake amri zilezile ambazo angeziandika kwenye kibodi: jina la mashine, kisha ifconfig ya kadi, kisha njia. Kila ikiwaka, mashine inaagizwa upya kila kitu, mstari kwa mstari, kama mtoto anayetumwa dukani na kurudia moyoni alichoambiwa: mkate, sukari, kiberiti.

Ukielewa hapo, umeelewa nusu ya mambo yote yaliyofuata kwa miaka arobaini. Kompyuta ya Unix haikumbuki mtandao wake. Huambiwa upya kila mara. Tunachokiita "mipangilio inayodumu" ni mstari ulioandikwa kwenye faili, pamoja na mtu au programu ya kuusoma kwa wakati unaofaa. Kimoja kikikosekana, kingine hakina maana.

Wakati wa VAX, mashine kubwa ambayo chuo kizima kilikuwa na chache, mpango huo ulitosha. Msimamizi aliijua mashine yake kama anavyolijua shamba lake. Mambo yaligeuka pale kompyuta zilipoanza kuwa nyingi, na hapa kampuni ya Sun inaingia. Sun iliuza kompyuta za mezani za wahandisi, na nyingine kati ya hizo hazikuwa na diski kabisa, kwa sababu diski zilikuwa ghali. Faili zote zilikaa kwenye seva na kufikiwa kupitia mtandao.

Hebu fikiria kitendawili hicho. Ili nipate faili langu la mipangilio nahitaji mtandao. Ili nipate mtandao nahitaji anwani iliyo ndani ya faili la mipangilio. Mashine inawaka haijui jina lake wala anwani yake. Inachojua ni namba moja tu, ile ya biti 48 iliyochomwa kiwandani.

Suluhisho la kwanza liliandikwa Stanford na kutolewa Juni 1984 kama RFC 903, likaitwa RARP. Mashine isiyo na diski inapaaza sauti kwenye waya: "Mimi ndiye mwenye namba hii ya kiwandani, nani anajua anwani yangu?" Seva moja inaangalia orodha yake na kujibu. Septemba 1985 Bill Croft na John Gilmore wakaleta BOOTP, RFC 951, ambayo ilijibu zaidi ya anwani: ilitaja pia faili la kupakia na lango la kupitia. Kisha Ralph Droms wa chuo kikuu cha Bucknell akaongoza kazi ya DHCP, iliyotoka Oktoba 1993 na kuboreshwa Machi 1997 katika RFC 2131. DHCP iliongeza wazo la kukodisha: anwani unapewa kwa muda, kodi ikiisha unaomba upya.

Watu wengi leo wanadhani DHCP ilimaliza tatizo la kudumu. Haikulimaliza, ililihamisha tu. Kumbukumbu ilitoka kwenye mashine yako ikaenda kwenye seva ya DHCP, na yule anayeisimamia seva hiyo bado ana faili analoandika kwa mkono. Halafu seva yenyewe haiwezi kujiomba anwani. Kuna mmoja ambaye lazima akumbuke mwenyewe.

Kwa mashine zenye diski, Sun walikuwa na njia ambayo bado naipenda. Badala ya kukulazimisha uhariri skripti, walikuwekea faili dogo lenye jina la kadi, mfano /etc/hostname.le0, na ndani yake neno moja: jina la mashine. Skripti ya kuwasha inaona faili, inaangalia jina lile katika /etc/hosts, inapata anwani, inaita ifconfig. Msimamizi hagusi skripti. Anagusa data tu. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu skripti iliyohaririwa na kila mtu hugeuka kuwa sufuria ya uji ambayo kila mpita njia ametia chumvi yake. OpenBSD wanatumia mtindo huohuo hadi leo: /etc/hostname.em0 kwa kadi na /etc/mygate kwa lango.

FreeBSD nao wakaweka kila kitu katika faili moja, /etc/rc.conf:

ifconfig_em0="inet 192.168.0.2 netmask 255.255.255.0"
defaultrouter="192.168.0.1"

Ukimchukua fundi wa FreeBSD aliyelala tangu mwaka wa 2000 ukamwamsha leo, atafungua faili hilo na kuendelea na kazi kabla hajanawa uso. Kwa Linux huwezi kusema hivyo, na hapa ndipo hadithi inapokuwa na kelele.

Linux ya Linus Torvalds, iliyoanza 1991, ni kerneli peke yake. Kila distro ilijitafutia namna ya kukumbuka. Slackware, iliyotoka 1993, ilifuata desturi ya BSD: skripti iitwayo rc.inet1, ifungue, andika anwani yako, funga. Red Hat wakaweka faili moja kwa kila kadi, /etc/sysconfig/network-scripts/ifcfg-eth0, lenye mistari kama IPADDR na ONBOOT. Debian mwanzoni walikuwa na skripti ya /etc/init.d/network ambayo ulihariri mwenyewe, hadi Debian 2.2 ya Agosti 2000 ilipoleta ifupdown, kazi ya Anthony Towns, na faili ambalo wengi wetu tulilelewa nalo, /etc/network/interfaces:

auto eth0
iface eth0 inet static
    address 192.168.0.2
    netmask 255.255.255.0
    gateway 192.168.0.1

Angalia mstari wa kwanza, huo wa auto. Mistari minne inayofuata inasema kadi iwe vipi. Mstari wa auto unasema iwashwe lini, yaani mashine inapowaka. Ukiusahau, ukaandika amri ya ifup kwa mkono, kila kitu kinafanya kazi na unaamini umemaliza. Ukizima na kuwasha, kimya. Red Hat walikuwa na mtego uleule kwa jina la ONBOOT. CentOS 6 ikiwekwa kwa mtindo mdogo kabisa iliacha ONBOOT=no, na watu wengi sana walimaliza kuweka mfumo mpya, wakauwasha, wakabaki wakitazama seva isiyo na mtandao.

Wakati huohuo amri zenyewe zilibadilika. Alexey Kuznetsov aliandika iproute2, na kuanzia kerneli 2.2 ya mwaka wa 1999 tukawa na amri ya ip yenye uwezo mkubwa kuliko ifconfig na route. Lakini "ip addr add" na "ip route add" zina usahaulifu uleule wa 1983.

Na si anwani tu. Wale mliowahi kusimamia saiba mnakumbuka. Kompyuta moja ya Linux inaingia intaneti, nyingine zote zinapitia kwake. Ili ipitishe pakiti za wengine unaandika 1 ndani ya /proc/sys/net/ipv4/ip_forward. Pia unahitaji sheria za kuficha anwani za ndani, kwa ipchains katika kerneli 2.2, na kwa iptables kuanzia kerneli 2.4 ya Januari 2001. Vitu vyote viwili hukaa kwenye RAM. Kufanya cha kwanza kidumu, unaandika katika /etc/sysctl.conf. Kufanya cha pili kidumu, unatumia iptables-save kutoa sheria kwenye faili na iptables-restore kuzirudisha mashine inapowaka. Faili mbili tofauti, wasomaji wawili tofauti. Stima ikipotea saiba nzima inasimama, na mwenye saiba anamlaumu anayemuuzia intaneti.

Kuna aina nyingine ya usahaulifu ambayo ni ya ajabu zaidi: faili lipo, limeandikwa vizuri, linasomwa, na bado mtandao haupandi. Kisa ni jina la kadi. Kwenye Linux kadi ya kwanza kuonekana na kerneli iliitwa eth0, ya pili eth1. Nani wa kwanza? Ilitegemea draiva ipi imepakiwa mapema, na kadiri mashine zilivyoanza kuwaka kwa kasi, zikipakia draiva nyingi kwa pamoja, mpangilio huo ukawa bahati nasibu. Seva yenye kadi mbili ingeweza kuwaka leo upande wa ndani ukiwa eth0, na kesho ukiwa eth1. Kama eth0 ndiyo uliyoifungulia milango kwa sababu ni ya ndani, fikiria mwenyewe.

Dawa ikawa udev kuandika kumbukumbu yake: faili la 70-persistent-net.rules, lililofunga jina eth0 kwa namba ya kiwandani ya kadi ile. Safi. Mpaka kadi iungue. Hapa kwetu kadi na ubao mama huungua mara kwa mara, stima ikirudi kwa nguvu au radi ikipiga. Unatoa diski nzima, unaitia kwenye kasha jingine, unawasha. Udev inaona namba ngeni, inasema eth0 ina mwenyewe tayari, wewe mgeni utaitwa eth1. Faili la mipangilio linaongea na eth0, ambaye ameshazikwa. Kwa hiyo safari hii tatizo lilikuwa kinyume: mashine ilikumbuka kupita kiasi.

Januari 2013 systemd 197 ikaja na majina yanayotokana na mahali kadi ilipochomekwa, kama enp3s0: basi la PCI namba 3, tundu namba 0. Watu walilalamika sana kwamba majina yale hayatamkiki, nami nilikuwa mmoja wao. Siku hizi nimenyamaza. Ukibadilisha kadi iliyoungua ukaweka nyingine katika tundu lilelile, jina linabaki, faili linaendelea kusomwa. Kwa fundi wa Nairobi hilo ni jambo la maana kuliko uzuri wa jina.

Sasa njoo kwenye vita vya nani aandike. Mwaka wa 2004 Red Hat walianzisha NetworkManager kwa ajili ya kompyuta za mkononi, zinazohama kutoka waya kwenda Wi-Fi kwenda modemu. Wazo zuri. Lakini sasa kulikuwa na programu hai, isiyolala, inayojiona mwenye mamlaka juu ya kadi, na wewe ukija na ifconfig yako unageuza anwani, nayo inaweza kuirudisha kama ilivyotaka yenyewe.

Mhanga mkubwa wa vita hivyo ni /etc/resolv.conf, faili la seva za majina, ambalo nalo lina asili ya Berkeley. Kwa miaka mingi lilikuwa faili rahisi kuliko yote: andika nameserver, andika namba, maliza. Kisha mteja wa DHCP akaanza kuliandika upya kila anapopata anwani. Kisha ikaja programu ya resolvconf kuwa msuluhishi. Kisha NetworkManager. Kisha systemd-resolved, ambaye katika Ubuntu 18.04 anakuwekea 127.0.0.53 humo na kukuambia usiguse. Mafundi wengine walichoka wakatumia "chattr +i" kulipiga kufuli faili, hata root asiweze kuliandika mpaka alifungue. Nimewahi kufanya hivyo. Baada ya miezi minane nilikuja kubadilisha seva ya majina nikashangaa kwa nini root ananyimwa ruhusa kwenye mashine yake mwenyewe.

Nikitazama nyuma naona kulikuwa na watu waliowahi kufikiria swali hili kwa utaratibu zaidi. Ruta za Cisco, ambazo si Unix, zina nakala mbili zilizo wazi: mipangilio inayotumika sasa na mipangilio ya kuwakia. Ukibadilisha ya kwanza, ya pili haiguswi mpaka utoe amri ya kunakili. Ndiyo maana fundi wa ruta akimaliza kazi mwenzake humuuliza, "Ume-save?" Na kuna faida yake: kabla ya kugusa ruta iliyo mbali unaiambia ijiwashe upya baada ya dakika kumi. Ukijifungia nje, unasubiri, inarudi kwenye nakala ya zamani, nawe unaingia tena. Huko kusahau ndiko kunakuokoa.

AIX ya IBM ilichukua njia ya hifadhidata. Ukitumia chdev, badiliko linaingia kwenye kerneli na kwenye hifadhidata iitwayo ODM kwa pamoja. Ukitumia ifconfig, ni la muda tu. Solaris 11 ya Novemba 2011 ikafanya jambo ambalo kwa maoni yangu lingefanywa miaka ishirini mapema: amri mpya ya ipadm hudumisha kila badiliko, na ukitaka la muda lazima uongeze -t. Yaani aliye na haraka, akaandika amri fupi kabisa, anapata kinachodumu. Mimi wa Nyeri ningekuwa salama. Linux ilibaki na mpango ulio kinyume, na sidhani utabadilika, kwa kuwa skripti nyingi mno duniani zinategemea amri ya ip isiyoacha alama.

Ubuntu walijaribu kuweka paa moja juu ya fujo yote kwa Netplan, iliyoanza kuwa ya kawaida katika toleo la 17.10 la Oktoba 2017. Unaandika faili la YAML katika /etc/netplan, yeye analitafsiri kwa systemd-networkd au kwa NetworkManager. Ubaya wake ni nafasi: nafasi moja ikikaa vibaya mwanzoni mwa mstari, faili zima halisomeki. Ubaya wa pili ni kwamba kwenye mashine za kukodi kuna cloud-init, ambayo huweza kuandika faili lake humohumo, kwa hiyo unahariri 50-cloud-init.yaml bila kujua kwamba kuna mwingine mwenye kalamu. Uzuri wake ni "netplan try": inaweka mipangilio mipya, inasubiri sekunde 120, na usipobonyeza Enter inarudisha ya zamani. Ni ile hekima ya fundi wa Cisco, sasa iko ndani ya Unix. Tangu Ubuntu 23.10 hata NetworkManager huandika mipangilio yake humo. Upande wa Red Hat, RHEL 9 ya Mei 2022 iliondoa kabisa skripti za zamani za network-scripts, na miunganisho mipya huandikwa katika /etc/NetworkManager/system-connections.

Tumerudi palepale kwa rc.local basi, ila sasa kati yako na ifconfig wamesimama wahudumu watatu au wanne, kila mmoja na daftari lake. Ukiniuliza swali la kwanza la kujiuliza kwenye mashine usiyoijua, sikuambii uandike chochote. Tafuta kwanza ni nani anayesoma pale. Je, networkctl inasema kadi inasimamiwa? Je, "nmcli device" inaionyesha kama yake? Kuna kitu ndani ya /etc/network/interfaces? Nimeona seva ambayo mafundi watatu waliopita kwa zamu walikuwa wameandika anwani tatu tofauti katika mahali patatu, na iliyokuwa ikitumika haikuwa hata moja ya hizo, ilikuwa ya DHCP.

Ile seva ya Nyeri niliiponya siku hiyohiyo kwa mstari mmoja, chini ya iface eth0, ulioanza na neno up na kufuatiwa na amri yangu ileile ya route. Kisha nilifanya kitu ambacho nilipaswa kukifanya mwaka wa 2005. Nilingoja hadi saa kumi na moja jioni wateja walipokwisha, nikampigia mama meneja nikamwomba akae kwenye kompyuta yake, na nikaizima seva kwa makusudi. Tulingoja kwenye simu bila kusema kitu, yeye Nyeri mimi Nairobi, mashine ikiwaka polepole.

"Imeingia," akasema. Halafu, kabla sijakata simu: "Sasa asubuhi ulikuwa unatafuta nini saa mbili zote hizo?"

Siku hizi kila seva ninayoisimamia huzimwa na kuwashwa mara moja kwa robo mwaka, Jumamosi asubuhi, nikiwa nimekaa mbele yake. Mara ya mwisho, kati ya seva sita, moja ilirudi bila njia moja. Nilikuwa nimeiandika mwenyewe wiki tatu kabla, usiku, kwa "ip route add", nikajiambia nitaiweka kwenye faili kesho.